Mstari Mtupu Baina ya Mtaa na Mtaa

Kabla sijaoa, kazi yangu ilikuwa kuchungulia maji ya watu. Sijisifu wala sioni haya. Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, Kisauni bado minazi mitupu na nyumba moja huku moja kule, na wakubwa wa afya walikuwa wameingiwa na wazimu wa mbu. Tukaandikwa vijana kadhaa, kila mmoja akapewa kaptura ya kaki, daftari, na kioo kidogo cha mkononi. Kioo hicho hakikuwa cha kujitazama, ingawa mimi nilijitazama sana. Ulikuwa ukisimama uani unalikamata jua kwa kioo, unalituma ndani ya mtungi mpaka chini kabisa, na kama mna viluwiluwi, wale wadudu wa maji ambao kesho ni mbu, utawaona wanajikunja na kukimbia mwanga. Watu wakatubandika jina, Bwana Viluwiluwi. Watoto walikuwa na wimbo wao pia, lakini maneno yake hayaandikiki.

Kusoma kwangu mimi ni chuoni, chuo cha Kurani, kwa mwalimu mwenye fimbo ndefu na subira fupi, kisha miaka miwili ya skuli. Skuli nilitoka kwa mambo ya punda, nayo ni hadithi nyengine. Basi herufi nazijua, na hesabu naijua mpaka pale inapoanza kugawanya. Kwa kazi ile yalinitosha. Unaingia nyumba, unaandika: mitungi mingapi, mapipa mangapi, makopo na vifuu vingapi, na vyombo vingapi vina viluwiluwi. Unatoka, unaingia nyumba ya pili. Mitaa yangu ilikuwa saba, na kila mtaa hesabu ya nyumba ilianza upya, nambari moja, mbili, tatu, mpaka mtaa uishe.

Mwisho wa mwezi madaftari yetu yalikwenda kwa karani wa ofisi yetu ndogo, naye akayanakili yote katika karatasi moja pana iliyopigwa mistari juu kwa chini na kushoto kwa kulia. Tukiiita mkeka. Kila mstari nyumba moja, kila safu aina moja ya chombo, na chini kabisa jumla. Ule mkeka ukakunjwa, ukavushwa daraja la Nyali kwenda ofisi kubwa kisiwani. Huko waliusoma wenye miwani, wakatoa amri.

Karani alikuwa mtu wa bara, mpole, mkristo wa kusali kila Jumapili, shati lake jeupe mpaka linakuumiza macho. Kiswahili chake alikipata kwenye gari moshi, nadhani, maana kilikwenda moja kwa moja bila kusimama stesheni ndogo. Hata salamu: mimi bado nauliza habari za nyumbani, za watoto, za kuamka, yeye ameshafika "leta daftari." Lakini tulipendana. Na alikuwa na sheria moja aliyofundishwa na karani wa kabla yake, na huyo na wa kabla yake: katika mkeka hapaachwi mstari mtupu. Mstari mtupu, akisema, mtu ataingiza uwongo wake humo. Kwa hivyo mitaa saba ilifuatana kama watu wamebanana kwenye foleni, nyumba ya mwisho ya mtaa huu na nyumba ya kwanza ya mtaa ule zimegusana mgongo kwa tumbo, na jina la mtaa limeandikwa pembeni kwa herufi za sisimizi.

Sasa nije kwenye nyumba yenyewe. Nyumba nambari moja ya Mtaa wa Kati ilikuwa ya mama mmoja mjane, mtu wa ukoo wa zamani, Kimvita chake kimenyooka, na usafi wake watu walikuwa wakiapia. Ukienda kwake huingii na viatu, na ukitoka unajiona wewe ndiye uchafu uliobaki. Alikuwa na binti. Nisiseme mengi, maana binti huyo hivi sasa yuko chumba cha pili na masikio yake hayajazeeka. Nitasema tu kwamba nyumba nyengine nilizikagua mara moja kwa mwezi na ile niliikagua mara nne. Mitungi ile ilimulikwa mpaka nikaona haya mbele yake. Yule mama si mjinga. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, hao wadudu wako huja kwa wiki?" Nikamwambia serikali inataka uhakika. Nikamwambia na uwongo mwengine, kwamba mimi ni karani. Akanipa kahawa, nami nikajua mlango haukufungwa. Nikawaeleza wazee wangu, wakaanza kujitayarisha kwenda kuposa.

Hapo ndipo ofisi kubwa ikaleta amri zake za mwezi. Amri yenyewe ilikuwa karatasi nyekundu: nyumba iliyopatikana na viluwiluwi hubandikwa karatasi hiyo mlangoni, ikae mpaka ofisi kubwa yenyewe itoe ruhusa ibanduliwe. Na anayebandika ni yule yule Bwana Viluwiluwi wa mtaa. Nikapewa zangu tatu na kopo la gundi. Ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu: Mtaa wa Kati, nyumba nambari moja.

Nikamwambia karani, "Bwana Karani, hii imekosea njia."

"Imeandikwa," akasema. "Bandika."

Wallahi nilizunguka ile nyumba mara tatu na kopo langu. Mwisho nikafanya jambo la kitoto. Mlango wake ulikuwa wa mbao mbili, na bao la kushoto mchana kutwa lilikuwa wazi, limelalia ukuta wa nje. Nikabandika nyuma ya bao hilo, upande wa ukutani, nikajua hakuna atakayeona. Nikaondoka napiga mluzi. Sikufikiria kwamba mlango una siku hufungwa. Alasiri ile ile mama alikwenda kumpa pole jirani, akafunga mbao zote mbili, na nusu ya Mtaa wa Kati ikaja kusoma.

Kesho yake nilipopita aliniita. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

"Ndoo," akasema, yaani njoo. "Ndoo uone. Una mato weye, au kioo kimekupofua?"

Akanipeleka uani, majirani wawili nyuma yetu kama mashahidi. Mitungi mitatu, kila mmoja juu ya kiweko chake, umefunikwa kawa. Akafunua wa kwanza. Maji yalikuwa yamefukizwa ubani, harufu ikanipanda puani nikakumbuka sikukuu.

"Huu wa kunywa. Huu wa pili wa kunywa pia. Kisha tazama," akaweka mkono wake kwenye nafasi iliyokuwa baina ya mtungi wa pili na wa tatu, kama dhiraa moja tupu, imefagiwa, "kisha ndio huu wa kuoshea. Wajua kwa nini nimeuweka mbali? Mgeni huingia gizani, hupapasa. Ikiwa mitungi yagusana, kata ya kunywa itachota maji ya kuoshea. Mimi nimeilinda mitungi hii mpaka mkono wa kipofu usikosee, na weye mwenye kioo cha serikali waniandikia viluwiluwi!"

"Mama, mimi niliandika hakuna. Wallahi niliandika hakuna."

"Basi nani kaandika?"

"Karani."

"Si ulisema karani ni weye?"

Nyuma ya pazia nikasikia mtu anacheka. Huyo huyo wa chumba cha pili.

Mama akamaliza maneno yake kwa utulivu kabisa. Wazee wangu wasije. Kuna mwalimu wa skuli, mtu wa Likoni, watu wake wameshauliza nao wangoja jibu, na huyo hajaona kiluwiluwi katika nyumba yake. Kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, jibu atalitoa. Kama mimi nataka mlango wake, nilete karatasi kutoka ofisi iliyotukana, iseme nyumba yake ni safi. "Sitaki kuelezwa," akasema. "Yamekuja kwa karatasi, yaondoke kwa karatasi."

Ramadhani ilikuwa imebakisha wiki sita.

Nikaenda ofisini nikamwomba karani aufunue mkeka wa mwezi ule, nakala iliyobaki. Tukaweka daftari langu ubavuni. Na jambo lilikuwa pale pale, wazi kama jino la mbele lililong'oka. Nyumba ya mwisho ya Mtaa wa Juu ni ya fundi wa baiskeli, mtu mwema lakini uani kwake ni kaburi la mapipa: matano, na makopo kumi na mawili, na viluwiluwi humo wanaogelea kwa raha. Nyumba inayofuata katika mkeka, ya kwanza ya Mtaa wa Kati, ndiyo ya mama. Karani alikuwa akinakili kwa rula, na rula iliteleza mstari mmoja, kisha akarudi juu kuujaza ule alioruka. Mapipa ya fundi yakashuka kwa mama. Mitungi ya mama ikapanda kwa fundi.

Karani akatazama kwa muda, akavua miwani, akaivaa tena.

"Jumla ni ngapi?" akaniuliza.

"Jumla ya nini?"

"Ya chini. Jumla ya vyombo vyenye viluwiluwi."

Tukajumlisha. Ilikuwa sawasawa.

"Basi," akasema, amefarijika kabisa, "hakuna kosa. Hesabu imetimia."

"Bwana Karani, imetimia lakini imetimia kwa mama mkwe wangu!"

"Serikali inasoma jumla."

"Karatasi nyekundu imebandikwa kwa jumla?"

Akakuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Kilichomshinda ni kwamba kukiri kosa kulitaka barua, na barua ilitaka sababu, na sababu ilikuwa rula yake. Ndipo nikamwambia lile la mitungi. Nikamwambia, tuache mstari mmoja mtupu kila mtaa unapokwisha, kama dhiraa ya yule mama. Jicho likifika hapo lijue limetoka mtaa huu laingia mtaa wa pili. Rula nayo itajua.

Alinitazama kwa huruma. "Nyinyi watu wa pwani," akasema, "mnapenda kupumzika hata juu ya karatasi."

"Na nyinyi watu wa bara mnapanda mahindi mpaka mlangoni. Mtu hana pa kuweka mguu."

Akacheka mpaka akafuta macho, lakini mstari mtupu akakataa.

Niliendelea kumsumbua. Asubuhi mstari mtupu, jioni mstari mtupu. Nilimletea viazi vya karai nikavipanga mezani mafungu mafungu, na nafasi katikati, akavila bila kuelewa. Au alielewa akaona avile kwanza. Mwisho wa mwezi ulipofika yeye alikuwa aende livu, likizo yake ya mwaka, kwao, tikiti ya gari moshi iko mfukoni na mkeka bado haujaanzwa. Akanisukumia kalamu.

"Wewe unayejua kupanga, andika."

Niliandika siku tatu, ulimi nje. Kila mtaa ulipokwisha niliacha mstari, sita kwa jumla, myeupe kama sakafu iliyofagiwa. Nikamaliza nikausimamisha ukutani nikarudi nyuma nikautazama. Sijapata kufanya kitu kizuri kama kile, na nimepata watoto saba. Karani alikuja mbio, sanduku mkononi, akatia sahihi bila ya kutazama, akakimbilia gari lake.

Sasa ukumbuke hakuna mtu ofisi kubwa aliyewahi kuona mstari mtupu. Walivyoufungua wakaona nyumba sita hazikuandikwa. Mwezi uliopita hapakuwa na pengo, mwezi huu yako sita! Ikadhaniwa Bwana Viluwiluwi wa Kisauni amelala kazini, au kuna watu wamejenga na kujificha. Wakamtuma mkaguzi.

Alikuwa mtu mzima wa Mji wa Kale, mnene, kofia ya jua kichwani, mwavuli kwapani, mkoba wa ngozi, na jasho. Tulipokwisha kusalimiana, na tulisalimiana kama watu, akafungua mkoba akatoa mikeka yote miwili, wa mwezi uliopita na wangu.

"Nimekuja kutafuta nyumba sita," akasema. "Nionyeshe."

"Hazipo, Bwana."

"Zimevunjwa?"

"Hazijajengwa."

Akanitazama kama mtu anayetafuta dalili ya homa. Akasema twende. Gari lilikuwa limemshusha upande wa chini, kwa hivyo tulianza mtaa wa mwisho tukapanda. Kwenye pengo la kwanza palikuwa na njia ya ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe. Akaandika. Pengo la pili, makaburi. Akauliza kwa sauti ndogo, "Hawa wana mitungi?" Sikujua kama ni mzaha, nikasema sijawakagua. Pengo la tatu lilikuwa kiwanja cha mpira, la nne shamba la muhogo, la tano uchochoro ambao tumbo lake halikupita, tukazunguka. Jua la saa saba. Tulipofika pengo la sita, baina ya Mtaa wa Juu na Mtaa wa Kati, alikuwa amekwisha kufungua vifungo vitatu vya shati na hajali tena nyumba ipo au haipo. Hapo palikuwa na njia ya mchanga tu, upande huu fundi wa baiskeli na mapipa yake, upande ule baraza ya mama.

"Hodi," akaita mkaguzi, "hodi wenyewe! Mama, nisaidieni maji."

"Karibu," mama akajibu kutoka ndani. Kisha akatoka, akamwona na mkoba wake, akaniona na mimi nyuma yake. "Kumbe ni ndugu yake huyu. Kaa barazani, baba."

Binti akatoa maji katika kopo la shaba, uso ameugeuza pembeni. Mkaguzi akanyoosha mkono, na hapo hapo macho yake yakakutana na karatasi nyekundu, maana siku hizo mama aliliacha lile bao limefungwa makusudi, kila mpita njia asome dhuluma yake. Mkono ukasita hewani.

"Kunywa," mama akasema. "Au kiu yako haijui kusoma?"

Mzee yule alinusa. Ubani. Akanywa kopo zima bila kupumua. Akaomba la pili. Akaomba la tatu, akasema Alhamdulillahi, na kwamba maji kama haya mara ya mwisho aliyanywa kwa bibi yake, Mwenyezi Mungu amrehemu.

"Umekunywa viluwiluwi wangapi, baba?"

"Sikuona hata mmoja."

"Basi soma hayo makaratasi yenu, uniambie mimi nina nini."

Akatandaza ule mkeka wa zamani juu ya baraza, akashusha kidole, mistari imebanana, kidole kikapotea mara mbili. Mwisho akasoma. "Mtaa wa Juu, nyumba ya mwisho. Mitungi mitatu. Mapipa hakuna. Viluwiluwi hakuna."

"Mitungi mitatu!" mama akapiga kofi. "Ya fundi baiskeli? Huyo hana hata mmoja, kila jioni aja kwangu na ndoo! Hiyo ni mitungi yangu. Endelea."

"Mtaa wa Kati, nambari moja. Mapipa matano, makopo kumi na mawili..."

"Mapipa matano! Niyaweke wapi, kichwani?"

Fundi mwenyewe alikuwa amesimama ng'ambo ya njia, tairi shingoni. Akainua mkono polepole kama mwanafunzi. "Hayo mapipa ni yangu," akasema. "Niliona ajabu mimi sikuletewa karatasi, nikasema labda serikali imeniona ni mtu safi."

Mkaguzi alicheka hadi mwavuli ukaanguka. Kisha akatandaza mkeka wangu. Kidole kikashuka Mtaa wa Juu, kikafika kwa fundi, kikaingia kwenye mstari mtupu, kikapumzika, kikatoka upande wa pili juu ya nyumba ya mama. Akarudia mara nyengine, nadhani kwa raha tu. Akanitazama. "Kwa hiyo hapa hapana nyumba."

"Hapana, Bwana."

"Pana nini?"

Nikamwonyesha pale mbele ya miguu yetu. "Pana njia."

Hakuweza kuuacha mtupu. Alikuwa na wakubwa wake naye, na mkubwa yeyote angeuliza tena. Akatoa kalamu, katika ile mistari yangu sita mizuri akaandika neno moja, *njia*, *njia*, *njia*, hata kwenye makaburi. Na ikawa ndiyo sheria kutoka ofisi kubwa kwamba kila mtaa ukiisha ufuatwe na mstari wa njia. Karani aliporudi livu aliipokea amri hiyo kwa moyo wote, kama vile yeye ndiye aliyeidai, na mwezi wa kwanza akanionyesha chini ya mkeka alichoongeza: jumla ya njia, sita. Tulijumlisha njia mpaka bendera ikabadilishwa, na kama kuna mtu alipata kuuliza kwa nini, mimi sikumsikia.

Lakini nimekimbia mbele. Siku ile barazani mkaguzi aliibandua karatasi nyekundu kwa ukucha wake mwenyewe, akaandika nyengine, nyeupe, akaitia sahihi na tarehe, akamkabidhi mama kwa mikono miwili. Mama herufi zile hazijui. Akanipa mimi nisome. Nikasoma kwamba nyumba nambari moja, Mtaa wa Kati, mitungi mitatu, viluwiluwi hakuna, ni safi. Akataka nisome tena, sauti ipande, ili mtaa wote usikie. Nikasoma.

Mkaguzi alipovuka njia kwenda kuyaona mapipa ya fundi, mama alibaki na mkeka wangu, ulikuwa bado umetandazwa, nami nimesimama mchangani sijui niage au nikae. Akapitisha kidole mpaka kwenye lile neno lililo juu ya nyumba yake.

"Na hapa pameandikwa nini?"

"Njia, mama. Hii hii hapa."

Akaitazama njia, akatazama kalenda ya kichwani mwake, mwezi wa Ramadhani umebakisha siku ngapi.

"Waambie wazee wako waipite Ijumaa, baada ya alasiri," akasema. "Na wavue viatu."